Barua kwa mwanangu aliyeulizwa aliokoka lini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliisoma mara mbili usiku ule ilipofika, na mara ya tatu asubuhi yake, kwa sababu sikutaka kukujibu kwa papara. Umeniambia kwamba katika kikundi cha maombi ulichojiunga nacho kila mtu alitakiwa asimame aseme aliokoka lini, na kwamba wote walikuwa na tarehe zao, wengine hata na saa, isipokuwa wewe. Ulikaa kimya, na tangu siku hiyo swali limekukaa kooni: watu tunaowasoma vitabuni, kuanzia Paulo na Augustino, waligeuka kwa dakika moja, je, hizo ni habari zilizotiwa chumvi, au ni wewe uliye bado usingizini? Ukaongeza, kwa mzaha ambao sikuuamini sana, kwamba mama aliyefundisha fasihi kwa miaka 31 hawezi kukosa jibu.

Jibu ninalo, ila si la fasihi peke yake, na sehemu yake moja sijawahi kumwambia mtu yeyote wa nyumba hii. Nitaifikia. Kwanza niruhusu nikurudishe kwa hao watu wenye tarehe, tuwatazame kwa karibu kuliko wanavyotazamwa mimbarini.

Tuanze na Paulo, kwa kuwa ndiye mizani ambayo watu hupimiana. Tukio la njia ya Dameski limesimuliwa mara tatu katika Matendo ya Mitume, na ukiziweka simulizi hizo pamoja utaona kwamba hazilingani. Katika sura ya 9 wenzake wa safari wanaisikia sauti wasimwone mtu. Katika sura ya 22, Paulo mwenyewe akizungumza na umati wa Yerusalemu, wenzake wanaiona nuru lakini sauti ya aliyesema naye hawaisikii. Katika sura ya 26, anapojitetea mbele ya Mfalme Agripa, sauti inatoa hotuba ndefu, pamoja na ule msemo wa kuupiga mateke mchokoo, huku upofu wake na Anania aliyekuja kumwekea mikono wakiwa hawatajwi kabisa. Sasa fungua Wagalatia sura ya 1 hadi mwanzo wa sura ya 2, maneno ya Paulo mwenyewe, katika barua ambayo wataalamu wengi wanakubali kwamba iliandikwa kabla ya Matendo. Humo hamna barabara, hamna nuru, hamna kuanguka chini. Anasema tu kwamba Mungu alipoona vema alimdhihirisha Mwanawe ndani yake, halafu anaanza kuhesabu miaka: alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, ikapita miaka mitatu ndipo akapanda Yerusalemu kukaa na Kefa, yaani Petro, siku 15, kisha baada ya miaka 14 akapanda tena. Dakika yenyewe ameipa nusu ya sentensi.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba mmoja wao alidanganya. Nasema kwamba dakika ile, hata ilipokuwa kubwa kiasi hicho, iliendelea kusimuliwa upya kufuatana na aliyekuwa akisikiliza na kufuatana na jambo lililokuwa mezani. Mtu aliyekulazimisha utaje saa yako, sidhani kama amewahi kuzisoma sura hizo tatu kwa kikao kimoja.

Augustino ndiye ninayemjua vizuri zaidi, maana nilimrudia mara nyingi kuliko mtaala ulivyonitaka. Kisa unakijua: bustani ya Milano, mwaka 386, mtu wa miaka 31 amejitupa chini ya mtini analia, na kutoka nyumba ya jirani inasikika sauti ya mtoto, asijue ni ya mvulana au ya msichana, ikiimba na kurudia, “Chukua, usome.” Anarudi alikomwacha rafiki yake Alypius, anakichukua kitabu cha nyaraka za Paulo, anakifungua, macho yanaangukia Warumi sura ya 13, na mara anapomaliza sentensi giza la mashaka limemtoka. Ni ukurasa mzuri, na sijawahi kuusoma darasani bila wanafunzi kunyamaza.

Lakini alipouandika alikuwa askofu, na ilikuwa imepita zaidi ya miaka 10. Vitabu alivyoviandika miezi michache tu baada ya tukio, akiwa amejitenga shambani na rafiki zake, havimtaji mtoto wala mtini. Anachokitaja humo ni maumivu ya kifua yaliyomfanya aache kazi ya kufundisha ufasaha, na vitabu vya falsafa vilivyomwasha. Wapo waliochukua jambo hili wakasema bustani nzima ni ya kubuni. Mimi sidhani. Nadhani mtu akiwa ndani ya jambo huona kifua chake kinauma na kitabu kilichomsisimua. Mtini huja kuuona baadaye, anapogeuka nyuma na kutafuta ni wapi njia ilikata kona.

Na hata katika Maungamo yenyewe, kitabu chenye ukurasa ule wa bustani, ukiyasoma tangu mwanzo badala ya kurukia bustanini, utakuta mtu anayezinduliwa polepole mno. Ana miaka 19 anasoma kitabu cha Cicero, moyo unamwaka kutafuta hekima. Kisha anakaa miaka tisa na Wamani, wafuasi wa dini ya Mani. Anakuja Milano, anamsikiliza askofu Ambrosi kwa ajili ya ufundi wake wa maneno, na maana ya maneno inaingia kwa mlango wa nyuma. Siku ile ile ya bustani anatembelewa na mgeni, Ponticianus, anayewasimulia habari za Antoni wa Misri, ambaye aliingia kanisani akasikia Injili ikisomwa, “Enenda ukauze ulivyo navyo,” akaenda kuuza. Mgeni anaongeza kwamba maofisa wawili wa mfalme huko Trier waliokota kitabu cha maisha ya Antoni katika kibanda fulani, wakakisoma, wakaacha kazi papo hapo. Kwa hiyo Augustino alipoisikia ile sauti alijua la kufanya, kwa kuwa muda mfupi kabla alikuwa amesimuliwa jinsi jambo hilo hufanyika. Antoni alisikia kitabu, wale wawili wakasoma habari za Antoni, Augustino akasikia habari za wale wawili, na karibu miaka elfu moja baadaye Petrarca, mshairi wa Italia, akapanda mlima Ventoux na nakala ndogo ya Augustino mfukoni, akaifungua kileleni, akakutana na maneno yanayowashangaa watu waendao kustaajabia milima huku wakijisahau wao wenyewe. Petrarca anaitaja siku: tarehe 26 Aprili 1336. Wachunguzi wa maandishi yake wanaona kwamba barua hiyo aliitunga miaka mingi baadaye. Tarehe yake ni nzuri kama mlima wenyewe.

Hapa nitachepuka kidogo, univumilie. Kabla ya bustani, Augustino aliishi na mwanamke kwa miaka zaidi ya 10, akamzalia mtoto wa kiume. Walipofika Milano alimwondoa ili apate kuoa msichana wa ukoo bora, na mwanamke yule alirudi Afrika akiapa kutomjua mwanamume mwingine. Augustino anakiri kwamba moyo wake uliraruka ukatoka damu, lakini jina la mwanamke halitaji mahali popote. Tunajua jina la rafiki, la mgeni, la mama, la mtoto. La yule hatulijui mpaka leo. Nimemsamehe Augustino mengi, hilo bado. Tena si yeye peke yake. Ukizisoma habari za watu waliozinduka, tazama daima nani amebaki nyumbani na watoto. Siddhartha, aliyekuja kuitwa Buddha, alitoka usiku, mkewe na mtoto mchanga wamelala. Tolstoy, mwandishi wa Urusi, alipoamka alitaka kugawa mali yake na haki za vitabu vyake, na mkewe Sofia, aliyekuwa amemzalia watoto 13 na kumnakilia miswada yake kwa mkono, ndiye aliyebaki na hesabu za nyumba.

Nirudi kwenye swali lako, na nikupeleke kwa mtu ambaye naona anakufaa kuliko hao wote. Mwaka 1091 Imamu Ghazali alipewa kiti cha kufundisha katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, mojawapo ya nafasi kubwa kabisa za elimu katika zama zake. Anasimulia mwenyewe, katika kitabu alichokiandika karibu na mwisho wa maisha yake, kwamba alipoichunguza nia yake katika kufundisha aliiona haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kilichomsukuma kilikuwa cheo na sifa kuenea. Je, alizinduka siku hiyo? Alijua yote yaliyohitaji kujulikana, na hakuondoka. Leo anaazimia kutoka Baghdad, kesho anaghairi; anatanguliza mguu mmoja na kurudisha nyuma ule wa pili; asubuhi anaitamani Akhera kwa dhati, jioni jeshi la matamanio limemshambulia na kumrudisha palepale. Hali hiyo ilidumu karibu miezi sita katika mwaka 1095, hadi ulimi ukafungwa: alijaribu kufundisha siku moja tu, kuwaridhisha waliokuja kumsikiliza, lakini neno halikutoka. Chakula kikamshinda. Waganga wakasema jambo hili limeshuka moyoni na kutoka huko likaenea mwilini, na dawa yao haifiki huko.

Alipoondoka hatimaye hakuondoka kishujaa. Aliwaambia watu kwamba anakwenda Makka, kumbe amekusudia Shamu, yaani nchi ya Siria, kwa kuogopa kwamba khalifa na marafiki wangemzuia. Aligawa mali akabakiza ya kuwatosha watoto. Akakaa Dameski karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti na kujifungia humo mchana kutwa. Sasa niambie, tarehe ya Ghazali ni ipi? Siku alipoiona nia yake? Siku ulimi ulipokwama? Siku alipodanganya kwamba anakwenda Makka? Ninampenda kwa sababu ya ile miezi sita, ambayo mwandishi mwingine yeyote angeifuta ili kisa kipendeze.

Wapo bila shaka wenye dakika kweli, wala siwabezi. Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa, usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kuanzia kama saa nne na nusu hadi saa sita na nusu hivi, alipata jambo ambalo aliliandika kwa neno moja peke yake katika mstari: “Moto.” Chini yake akaandika Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wataalamu. Unaona jinsi alivyozitunza saa. Lakini hakumwambia mtu. Karatasi ile aliishona ndani ya bitana la koti lake, na kila alipobadili koti aliifumua akaishona upya, miaka minane, mpaka alipokufa mwaka 1662 mtumishi mmoja akahisi kitu kigumu ndani ya nguo. Mwenye tarehe iliyo wazi kuliko zote ndiye ambaye hakusimama kuitaja.

John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, naye anatajwa sana katika vikundi kama chenu, kwa kuwa aliandika kwamba tarehe 24 Mei 1738, kama saa tatu kasorobo usiku, katika mkutano wa barabara ya Aldersgate mjini London, moyo wake ulipata joto la ajabu. Wanachosahau kukisoma ni shajara yake ya Januari 1739, miezi saba tu baadaye, ambamo anaandika kwa mkono huohuo kwamba yeye si Mkristo.

Anayenishughulisha zaidi ni John Newton, na kwake nitakaa kidogo. Alikuwa baharia katika biashara ya watumwa. Mwezi Machi 1748 tufani iliipiga meli yake katika bahari ya Atlantiki, maji yakaingia, akasikia kinywa chake kikimwomba Mungu rehema, akashtuka, maana alikuwa mtu wa kukufuru. Siku hiyo aliiadhimisha kila mwaka hadi uzee wake. Tarehe ya kweli, yenye tufani ya kweli. Baada ya hapo alirudi katika biashara ileile, na kuanzia mwaka 1750 hadi 1754 alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Siku za Jumapili aliwakusanya mabaharia sitahani akawaongoza katika ibada, na chini ya mbao walizokanyaga walikuwa watu waliofungwa minyororo wawili wawili. Hakuiacha bahari kwa sababu dhamiri ilimsuta. Aliiacha kwa sababu alipatwa na ugonjwa wa ghafla. Akawa mchungaji mwaka 1764, akatunga ule wimbo wa neema unaoimbwa dunia nzima, na bado kuhusu biashara ile hakusimama hadharani kuikana. Ndipo mwaka 1788, miaka 40 baada ya tufani, alipochapisha kijitabu akieleza kwa macho yake aliyoyaona na aliyoyatenda, na kusema kwamba ungamo lake limechelewa.

Newton mwenyewe hakujidanganya juu ya tarehe yake. Katika habari za maisha yake aliandika kwamba hawezi kujihesabu kuwa mwamini kwa maana kamili ya neno hilo mpaka muda mrefu baada ya ile siku ya bahari. Nilipokuwa nikifundisha, wanafunzi walimkasirikia sana, wakitaka kujua kama tufani ilikuwa ya uongo. Nami niliwauliza kama mtu aliyefumbua macho saa kumi na moja alfajiri ameona vyote vilivyomo chumbani. Si kumtetea, waliokuwa chini ya sitaha hawakuwa na miaka 40 ya kumsubiri.

Lugha yetu yenyewe, mwanangu, ilikwisha kulifikiri jambo hili kabla yetu. Tunasema mtu ameamka, na hilo hutokea kila siku, usingizi ukiisha. Tunasema ameamshwa, na hapo yupo mwingine aliyemtikisa. Amegutuka: kitu kimemshtua, na anaweza kulala tena. Amezinduka: alikuwa amepoteza fahamu, pengine kwa pigo, pengine kwa kulewa kitu, na sasa anarudiwa na akili polepole, anauliza niko wapi. Halafu liko neno la kuongoka, ambalo halina usingizi ndani yake hata kidogo. Ni la njia, la mtu aliyekuwa anapotea na sasa anakwenda sawa. Ninadhani kikundi chenu kinauliza ni lini uligutuka, kikiamini kwamba kimeuliza ni lini uliongoka.

Na tunalo shairi kubwa la jambo hili, ambalo lilikuwa mezani mwako ukiwa kidato cha tano: Al-Inkishafi, la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, lililotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Neno hilo maana yake ni kufunuka, pazia kuondolewa. Hakuna nuru inayoshuka humo wala sauti itokayo mbinguni. Mtu anaushika moyo wake mkono kama mtoto mkaidi, anautembeza katika magofu ya Pate, anauonyesha: hizi ndizo nyumba zilizong’aa kwa taa za kowa na za sufuri hata usiku ukawa kama mchana, sasa tazama juu, makinda ya popo yananing’inia, tazama madaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani, ndege wameatamia humo. Na moyo unaulizwa tena na tena kwa nini hauzingatii. Hatuambiwi siku wala saa ulipoitikia. Nimesoma maungamo mengi ya watu wa mbali, na hakuna lililonitikisa kama yale madaka.

Desturi hii ya kudaiwa ushuhuda wenye siku ina historia yake, nayo haistahili kudharauliwa. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda, ukapata nguvu Gahini katika miaka ya 1930 na kuenea Kenya na Tanganyika, uliwafanya watu waungame hadharani, warudishe walivyoiba, waketi pamoja bila kujali kabila. Katika miaka ya 1950 wapo ndugu wa uamsho huo kule Kenya waliokataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa vilevile kushika bunduki ya serikali, na wengine wakauawa kwa msimamo huo. Watu wa namna hiyo wakitaja tarehe, ninavua viatu. Tatizo huja pale ushuhuda unapokuwa kiingilio. Mhubiri Jonathan Edwards aliuona uamsho wa Northampton, Massachusetts, mwaka 1734 na 1735, akakadiria kwamba zaidi ya watu 300 waliongoka kwa nusu mwaka, kisha akaona wengi wakipoa. Mwaka 1746 alitoa kitabu kizima cha kupambanua ishara. Machozi, kutetemeka, maneno mengi ya dini, hayo aliyaweka katika fungu la ishara zisizothibitisha lolote upande wowote. Ishara ya mwisho katika zile anazozikubali, ndiyo aliyoieleza kwa urefu kuliko zote, ni matendo ya mtu kwa muda mrefu. Na Edwards huyohuyo alimiliki watumwa. Sijui nifanye nini na jambo hilo zaidi ya kukuambia.

Wabunifu wa hadithi, wakiwa waaminifu, wamelijua jambo hili. Victor Hugo anamfanya Jean Valjean apewe vinara vya fedha na askofu ambaye Valjean mwenyewe alikuwa amemwibia, nawe unatarajia ageuke hapo hapo. Lakini kitu cha kwanza anachokifanya njiani ni kuikanyaga sarafu ya mtoto maskini na kumfukuza. Kilio kinakuja baada ya hapo. Dostoyevsky anamfikisha Raskolnikov hadi kituo cha polisi, anakiri mauaji, anapelekwa Siberia, na bado hajatubu. Injili iko chini ya mto wake haijafunguliwa, na kitabu kinaishia hapo panapoanzia.

Sasa sehemu yangu.

Nilikuwa na miaka 24, mwalimu mgeni kazini, na katika kikundi cha ushirika nilichojiunga nacho niliulizwa swali lilelile uliloulizwa wewe. Tofauti ni kwamba wewe ulinyamaza. Mimi nilisimama nikataja tarehe. Haikuwapo. Niliipata palepale, nikiwa nimesimama, pamoja na usiku wa mvua kubwa, taa iliyozimika, na mstari wa zaburi uliokuja kichwani kabla taa haijawashwa tena. Watu waliitikia kwa furaha, mama mmoja akanikumbatia akilia. Nilirudi nyumbani nikaiandika tarehe hiyo juu ya ukurasa wa daftari langu la maandalio, nisije nikaisahau. Baadaye nilialikwa kuisimulia kwingine. Kila nilipoisimulia iliongezeka kitu. Mwaka wa tatu tayari kulikuwa na radi. Na jambo la kutisha ni kwamba nilianza kuuona usiku ule. Nikifumba macho niliisikia mvua.

Miaka minane ilipita hivyo. Halafu jioni moja ya kusahihisha insha, kichwa cha insha kikiwa “Siku nisiyoweza kuisahau,” nilifika kwenye daftari la msichana mmoja wa kidato cha pili. Aliandika juu ya mvua iliyonyesha usiku kucha, taa ikazimika, akapata habari iliyobadilisha maisha yake. Ilikuwa imenakiliwa, na nilikitambua kitabu cha mifano alikoitoa, hata koma zilikuwa za kitabu. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: “Hili halikukutokea.” Nilipofika kwenye nukta mkono ulisimama. Nilikaa nikiyatazama yale maneno mawili, mwandiko wangu mwenyewe, mpaka wino ukakauka. Sikuona nuru, ila nilisikia aibu, tena ya kimwili, masikio yakiwaka moto.

Kesho yake nilimwita yule msichana nikamwomba aandike upya, hata kama siku yenyewe ni ya kawaida kabisa, na akaandika nusu ukurasa juu ya siku aliyovunja kikombe akamsingizia mdogo wake. Nilimpa alama za juu. Kisha nilikwenda kwa kiongozi wa ushirika wetu nikamweleza kwamba ushuhuda wangu niliutunga. Alinyamaza muda mrefu, akaniomba nisiwaambie wengine, nisije nikawavunja moyo wachanga katika imani. Nilitii, na kutii kwangu ndiko kunakoniuma hadi leo kuliko uongo wenyewe. Sikusimama tena kutoa ushuhuda, watu wakadhani nimepoa. Baba yako alikuja kunijua baada ya hapo, na hakuwahi kuniuliza.

Ukiniuliza kama niliokoka usiku ule wa kusahihisha, nitakuambia sijui. Najua kwamba tangu hapo nasema uongo mara chache zaidi, na nikiusema huisikia ile joto masikioni. Najua pia kwamba naanza kusali kabla ya kutafuta maneno, jambo ambalo sikuliweza nilipokuwa na tarehe. Ilikuwa mwezi wa mitihani. Siku sikuiandika mahali popote, maana haikunipitikia kwamba ingekuja kuulizwa.

Wakikuuliza tena, waambie hujui siku, kisha uwaambie unachokijua, hata kikiwa kidogo kama kikombe cha yule msichana. Na kabla ya kukutana nao soma Wagalatia kwanza, halafu zile sura tatu za Matendo, kwa mpangilio huo. Ghazali nitakutumia, nakala yangu ina maandishi mengi pembeni lakini inasomeka.

Lile daftari la maandalio bado ninalo. Nimechana ukurasa mmoja nikauweka humu ndani ya bahasha. Tarehe utaiona juu upande wa kushoto, nilipoikata kwa kalamu nyekundu jioni ileile, na chini ya mkwaruzo bado inasomeka.

Mama yako